Pumu na mzio Mombasa: tangulia kabla upepo haujageuka

Masika yakishafungua, huku kwetu Mji wa Kale husikii mvua peke yake. Unasikia vifua. Jirani wa juu anakohoa kikohozi kikavu saa tisa za usiku, mtoto wa nyumba ya pili anapiga chafya saba mfululizo kabla ya kwenda chuoni, na duka la dawa pale barabarani linaulizwa pampu za kuvuta dawa kutwa. Mimi mwenyewe nina pumu tangu nikiwa na miaka saba. Kwa muda mrefu niliishi nayo kama mgeni asiyebisha hodi: akija namshughulikia, akiondoka namsahau.

Hapo ndipo nilipokuwa nakosea, maana pumu haiondoki. Hata siku unayojiona mzima, njia za hewa hubaki na uvimbe mdogo unaongoja kuchokozwa. Na huku pwani wachokozi huja kwa zamu, zamu zenyewe zikifuata pepo. Anayezijua hutangulia na dawa. Asiyezijua hukimbizwa hospitali usiku. Mimi si daktari, ni mgonjwa mzoefu tu, kwa hiyo kipimo cha dawa yako atakupangia anayekutibu. Mengine haya nimeyapitia.

Hatua ya 1: Andika kalenda ya kifua chako

Nunua daftari dogo. Kila siku andika mambo matatu: kifua kilikuwaje, ulikuwa wapi, hewa ilikuwaje. Miezi miwili inatosha kukuonyesha jambo, mwaka mzima ni bora zaidi.

Ili usianze na ukurasa mtupu, haya ndiyo mapito ya mwaka wetu. Kuanzia Aprili hadi Juni ni masika, na Mei kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kuta hunyonya maji, kuvu hutoka nyuma ya kabati, nguo zilizokunjwa hunuka uvundo. Wenye mzio wa kuvu hubanwa hapa. Mvua zikipungua, nyasi za kando ya barabara na viwanja vitupu huanza kutoa chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Mvinje nao huchavushwa kwa upepo, kwa hiyo ukiona macho yanakuwasha kila ukienda kutembea pwani kwenye mivinje, liandike.

Julai na Agosti kusi imekomaa, asubuhi zina ubaridi, na mafua yanazunguka madarasani. Usiyadharau mafua. Virusi vya mafua ya kawaida ndivyo vinavyoongoza kwa kuamsha pumu, hasa kwa watoto, kuliko hata vumbi tunalolilaumu kila siku. Vuli ya Oktoba na Novemba huturudishia unyevu. Kisha huja kaskazi, Desemba hadi Machi: joto, jasho, vumbi la barabara za ndani, na kutoka kwenye jua kali kuingia ofisi yenye kiyoyozi kama jokofu.

Daftari langu lilinitoa ujinga. Nilikuwa naapa kwamba kinachonibana ni vumbi la viungo vya soko la Marikiti, kwa kuwa kila nikipita pale kwenye pilipili napiga chafya. Lakini nilipohesabu, usiku mbaya ulikuwa karibu wote ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Marikiti nilikuwa nikienda Jumamosi. Mchokozi alikuwa nyumbani, ndani ya chetezo cha mama. Nitalirudia hili.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni pumu

Si kila kikohozi ni pumu, na si kila kifua kinachopiga mluzi ni cha mzio. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima kwanza kifua kikuu. Kipimo chake hakichukui muda, na dawa zake hutolewa bure hospitali za umma. Pumu huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, na hulegea ukivuta dawa ya kupanua njia za hewa. Hospitali kubwa zina mashine unayoipuliza kwa nguvu ikapima hewa inavyotoka. Ukiweza kupimwa hivyo, pimwa, uache kubahatisha.

Angalia pua pia. Wengi wenye pumu wana mafua ya mzio: pua inawasha na kutiririka maji meupe, macho mekundu, chafya za alfajiri. Pua ikiachwa hivihivi, kifua nacho hakitulii.

Hatua ya 3: Shughulikia chumba unacholala

Unalala humo muda wa saa saba au nane kila siku. Anza hapo kabla ya kupigana na Mombasa nzima.

Adui mkuu haonekani kwa macho: utitiri wa vumbi, vijidudu vinavyokula magamba ya ngozi tunayoyapukutisha kitandani. Vinapenda joto na unyevu, na Mombasa tunavipa vyote viwili mwaka mzima. Kinyesi chao ndicho kinachotuwasha. Sasa fikiria mto wa sufi, ule wa kurithi kwa bibi, mzito, umeshonwa kwa mkono, umelaza vichwa miaka ishirini. Mtu wa pwani kuambiwa autupe ni kama kutukanwa ukoo, najua. Wangu nimeuweka sebuleni kama pambo, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya foronya ya kutarizi. Kichwani nina mto wa sifongo unaofulika.

Godoro lifunike kwa kifuniko cha zipu kisichopitisha vumbi. Vipo tayari, lakini fundi yeyote atakushonea kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, au kwa plastiki laini juu yake ukatandika shuka ya pamba. Kitajoto, sikufichi. Mashuka na foronya fua kila wiki kwa maji moto ya nyuzi 60, yaani moto usioweza kutia mkono. Kuanika juani kunasaidia kukausha, lakini jua peke yake haliondoi kile kinachowasha. Kinaondoka kwa maji. Na siku za upepo wenye vumbi, au nyasi zinapochanua, usiache shuka nje hadi jioni zikajipaka chavua utakayoilalia.

Halafu tazama juu. Pangaboi. Nimeingia nyumba zilizopigwa deki hadi sakafu inang'ara, lakini mapanga ya feni yana vumbi unene wa kidole, na kila usiku linamwagwa juu ya kitanda. Njia yangu ni hii: chukua foronya kuukuu, ilowanishe kidogo, livishe panga moja kama soksi, kisha livute huku umelibana kwa juu. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya. Fanya hivyo kwa kila panga, mara mbili kwa mwezi. Kama mwenye pumu ni wewe, mwombe mtu mwingine, au jifunge barakoa na ukae nje nusu saa baada ya hapo. Sakafu nayo ipigwe deki. Ufagio mkavu unalirusha tu vumbi lihamie puani.

Kuvu la ukutani lisugue kwa sabuni na maji, ukaushe, kisha utafute maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la jirani au mfereji wa paa uliozibwa na majani, na hapo hakuna rangi mpya itakayokuokoa. Wengi hukimbilia dawa ya kung'arishia nguo. Inaua kuvu, lakini harufu yake yenyewe inabana kifua, kwa hiyo apake asiye na pumu, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, maana hutoa gesi ya klorini, na hiyo humdhuru hata mwenye mapafu mazima. Kabati lisogeze liache ukuta upana wa kiganja, hewa ipite.

Mende wapunguze kwa kufunika chakula na kutumia dawa ya kubandika au ya jeli. Ile ya kupuliza itakubana wewe kabla ya mende. Paka? Mji wa Kale paka ni wenyeji kuliko sisi, siwezi kukwambia uwafukuze. Asiingie chumba cha kulala, basi.

Hatua ya 4: Zungumza na nyumba kuhusu moshi

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu moshi wetu una heshima.

Mama alikuwa akifukiza kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Anaweka makaa kwenye chetezo, anangoja yashike jivu jeupe, anadondosha udi na ubani, kisha anapita chumba kwa chumba. Chumba changu anakimalizia, na mlango anaufunga "ili kishike". Nilipomwonyesha daftari alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Basi mwanangu hizi dawa zote unazonunua, mimi ndiye ninayekuuguza?" Nikamwambia, "Si wewe mama, ni moshi." Tulipatana hivi: nguo zinafukizwa uani, juu ya tundu lake la kutandazia nguo, nami nikiwa nimetoka. Sebuleni anafukiza mchana, madirisha wazi, na anazima kabla sijarudi. Chumbani hakuingii kitu. Mwenye kupenda harufu ana asumini na vikuba, ingawa hata hivyo wako wanaochefuliwa navyo, jaribu ujione. Kwenye harusi mimi hukaa karibu na mlango, na chetezo kikikaribia huinuka kama ninayeitwa.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara, ni mbaya zaidi. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 walikuta mduara mmoja unatoa chembe laini sawa na sigara kati ya 75 na 137. Tumia chandarua. Jiko la makaa litoke ndani, na kama mapishi hayana budi kuwa ndani, mwenye pumu asiwe ndiye mpuliza moto. Sigara sitaitolea hotuba. Anayevuta ndani ya nyumba yenye mtoto wa pumu anajua afanyalo.

Hatua ya 5: Tofautisha pampu mbili

Kama utasoma hatua moja tu, iwe hii.

Pampu ya buluu, yenye salbutamol, ni ya kufungua. Inalegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache na kuisha nguvu baada ya saa nne hivi. Uvimbe haiugusi. Pampu ya kinga, mara nyingi kahawia, ina steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi. Hii hutuliza uvimbe wenyewe, inachukua siku hadi wiki kadhaa kufanya kazi, na hutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma jina la dawa.

Sisi wengi tunanunua ya buluu peke yake, kwa kuwa ndiyo tunayoihisi. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana kutibiwa kwa ya buluu pekee, maana wanaoitegemea hiyo tu hushambuliwa zaidi na hata kufa zaidi. Ukimaliza pampu tatu za buluu au zaidi kwa mwaka, hiyo ni dalili ya hatari. Siku hizi iko pia pampu moja yenye budesonidi na formoteroli, inayofungua na kukinga kwa pamoja. Muulize daktari kama inakufaa.

Watu husema pampu "inazoesha", ukianza huachi. Kinachokufanya usiache ni ugonjwa wenyewe kuendelea kuwepo. Steroidi ya kuvuta ni kiasi kidogo kinachokwenda moja kwa moja mapafuni, si sawa na vidonge vya muda mrefu. Mjamzito naye asiache. Mama akikosa hewa, mtoto tumboni anaikosa pia. Habasoda na asali, kula upendavyo, mimi nakula. Usivipe tu kazi ya pampu.

Sasa kutangulia. Nenda kliniki Machi, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Jibu maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita: Nimebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamshwa usiku na kifua? Nimevuta ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeacha jambo, ngazi au mpira, kwa ajili ya pumzi? Jibu la ndiyo hata moja linatosha kumwambia daktari dawa ya kinga iangaliwe upya. Mwambie pia kama unatumia dawa ya presha. Propranololi na jamaa zake zinaweza kubana kifua vibaya. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi yetu pia.

Hatua ya 6: Vuta dawa ifike mapafuni

Nilivuta vibaya miaka kumi na mmoja bila mtu kunisahihisha. Nilikuwa napuliza dawa kinywani, nameza, nashangaa haifanyi kazi. Fanya hivi: tikisa pampu. Toa pumzi yote. Bana midomo kwenye mdomo wa pampu. Anza kuvuta hewa polepole na papo hapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta hadi kifua kijae. Zuia pumzi hesabu ya kumi. Ngoja nusu dakika hadi dakika kabla ya mvuto wa pili. Baada ya pampu ya steroidi, sukutua na uteme, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni.

Kulinganisha kubonyeza na kuvuta ni kugumu, kwa mtoto ndiyo kabisa. Dawa yake ni spesa, kifaa kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Bila pesa ya spesa, tengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, njia iliyojaribiwa na kukubalika hospitalini. Osha chupa. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa pampu, uupashe moto, utoboe kitako cha chupa hadi mdomo wa pampu uingie ukibana. Toboa ukiwa nje, mwenye pumu akiwa mbali, kwa sababu plastiki inayoungua hunuka vibaya. Lainisha kingo kwa tepu. Osha tena kwa maji ya sabuni na uache ikauke yenyewe bila kufuta. Sabuni hiyo inazuia dawa kung'ang'ania ukutani mwa chupa. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua kawaida mara tano au sita. Kisha mvuto mwingine. Usibonyeze mbili kwa pamoja.

Hatua ya 7: Pua

Osha pua kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai nusu kwa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Si maji ya kisima, si ya bomba moja kwa moja, wala ya bahari. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndiyo inayofaa zaidi kwa mafua ya mzio, ila huhitaji wiki moja au mbili za kila siku. Kwa kuwasha na chafya, vidonge vya mzio vya setirizini au loratadini havileti usingizi sana kama Piriton, ambayo imelaza watu kwenye matatu hadi wakapitiliza Mtwapa. Zile matone za kuzibua pua papo hapo zisipite siku tano, maana pua huzizoea na kuziba zaidi.

Hatua ya 8: Mwezi wa Ramadhani

Panga kabla mwezi haujaandama. Dawa ya kinga ya mara mbili kwa siku mara nyingi hupangika futari na daku. Kuhusu pampu mchana, masheikh wamehitilafiana: wapo wanaosema haibatilishi saumu, wapo wanaosema inabatilisha. Muulize unayemwamini mapema, si saa tisa alasiri umeshabanwa. Na ukibanwa, vuta. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, imo ndani ya Kurani.

Hatua ya 9: Mpango wa usiku mbaya

Uandike sasa, ukiwa mzima. Ukibanwa, keti wima, usilale. Vuta ya buluu kwa chupa au spesa, mvuto mmoja mmoja, minne hadi kumi. Usipolegea, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na wakati huohuo uwe njiani. Usingoje saa iishe ukiwa kitandani.

Ondoka mara moja, huku ukivuta, kama huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kama nyama za kati ya mbavu zinadidimia, kama midomo imekuwa ya buluu au kijivu, au mtoto amechoka na kunyamaza. Kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikanyamaza ghafla huku mtu hajapata nafuu, hiyo ni hatari zaidi kuliko mluzi.

Mchana mmoja wa kawaida nenda kituo kilicho karibu, uulize: usiku mko wazi? Mna oksijeni? Mna nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa iwe ukungu wa kuvuta? Nilifanya hivi baada ya kufika mahali saa nane za usiku nikakuta mashine ipo na mwenye ufunguo wa chumba hayupo. Aliye Likoni asipange mpango unaotegemea feri. Aliye ndani ya vichochoro vyetu ajue tuktuk inaingia hadi wapi, na ahifadhi namba za madereva wawili wanaolala jirani. Nambari za dharura ni 999 na 112, lakini usikae kungoja king'ora kama tuktuk iko mlangoni.

Ukiruhusiwa kutoka hospitali, maliza vidonge vya prednisoloni ulivyopewa hata kama umepona siku ya pili, na urudi kliniki ndani ya wiki. Mpango wangu umebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa hati ya mama, kwa sababu miwani yake haisomi yangu. Chini kabisa ameongeza mstari wake mwenyewe: chetezo kizimwe.